Nilipandisha dozi mara nne kabla ya kuuliza swali

Faili lake lilikuwa nene. Ndani ya miaka miwili alikuwa amepewa amitriptilini, kisha fluoksetini, kisha sertralini, kisha akarudishiwa fluoksetini kwa dozi kubwa kuliko ya mwanzo, na katika kila ukurasa mwandiko ulikuwa wangu. Kila Jumanne alipoketi mbele yangu na kusema, “Daktari, bado,” niliandika kwamba sonona yake, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, haiitikii dawa, nikaongeza miligramu, nikamwelekeza dirisha la dawa, nikamwita aliyemfuatia kwenye foleni.

Mimi ni daktari wa afya ya akili katika hospitali ya umma hapa Tanzania. Binti ninayemweleza si mtu mmoja: nimeunganisha visa vya wagonjwa kadhaa na kubadilisha kila jambo ambalo lingeweza kumtambulisha yeyote kati yao. Makosa ya daktari sikuyabadilisha.

Siku moja ya mvua kubwa wagonjwa walikuwa wachache, na binti huyo alikuja na mama yake mdogo. Kwa kuwa nilikuwa na nafasi, nilimuuliza yule mama swali ambalo nilipaswa kuliuliza siku ya kwanza: kabla ya ugonjwa huu, binti yako alikuwa mtu wa namna gani? Mama mdogo alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Daktari, kusema kweli mimi sioni kwamba ulianza. Amekuwa hivi tangu avunje ungo. Akikupenda atakuvulia hata khanga aliyojifunga, lakini ukichelewa kupokea simu yake, jioni hiyo wewe ni adui.” Binti alikuwa anatazama sakafu. Hakukana. Tulipoendelea kuzungumza, nilielewa kwamba aliwahi kuchumbiwa mara mbili na mara zote mbili alivunja uchumba kwa hofu kwamba ataachwa, kwamba kazi tatu alizozipata aliziacha siku aliyokemewa, na kwamba mikono mirefu ya nguo zake, ambayo mimi niliihesabu kuwa stara, ilifunika makovu aliyojitia mwenyewe. Tulipolinganisha tarehe, kila mara ambayo mimi niliandika kwamba hali imezidi, siku chache kabla yake kulikuwa na ugomvi au mtu aliyeondoka.

Alikuwa na sonona, na alikuwa pia na tatizo la haiba, lile ambalo vitabu hulipa jina la haiba ya mpakani kwa sababu Adolf Stern, daktari wa New York, alipolieleza mwaka 1938, aliwaona wagonjwa hao kama watu waliosimama mpakani mwa makundi mawili ya magonjwa ya akili yaliyojulikana zama zake. Mimi nilikuwa natibu moja na sikulijua la pili.

Neno haiba lenyewe linatutatiza. Katika mazungumzo ya kila siku haiba ni sifa: mwenye haiba ni yule ambaye akiingia mahali watu humtazama kwa heshima. Ukimwambia mzazi kwamba mwanawe ana tatizo la haiba, huenda akadhani unayasema vibaya malezi yake. Ukitumia neno tabia ni vibaya zaidi, kwa maana mwenye matatizo ya tabia katika Kiswahili chetu ni mtovu wa adabu, na dawa ya utovu wa adabu kila mtu anadhani anaijua. Kwa hiyo siku hizi sianzi na jina. Huanza kwa kueleza kwamba kila mtu ana namna aliyoizoea ya kujiona, ya kuwaona wenzake na ya kuzibeba hisia zake. Kwamba namna hiyo hujengeka polepole tangu utotoni, kwa sehemu kutokana na maumbile ya kuzaliwa na kwa sehemu kutokana na yale mtu aliyopitia. Na kwamba kwa baadhi yetu namna hiyo hukakamaa au hulegea kiasi cha kumuumiza mwenyewe na walio karibu naye mwaka hadi mwaka. Nikifika hapo, mara nyingi mgonjwa hunisimulia jambo lenyewe kabla sijalitaja.

Hali hizi mbili hukutana mara nyingi kuliko tunavyokiri kliniki. Uchambuzi uliokusanya tafiti 122 na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu asilimia 45 ya watu wenye sonona kubwa walikuwa pia na tatizo la haiba la aina moja au nyingine. Mwaka 2006 Giles Newton-Howes na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba uwezekano wa sonona kutopona vizuri huwa takriban maradufu pale tatizo la haiba linapokuwapo. Lakini Roger Mulder, daktari wa New Zealand, alitahadharisha mwaka 2002 kwamba kadiri utafiti ulivyosanifiwa vizuri ndivyo tofauti hiyo inavyopungua, na kwamba nje ya majaribio yaliyodhibitiwa wagonjwa hawa hawapewi matibabu ya kutosha ya sonona yenyewe. Tahadhari hiyo ninaiona kuwa nzito, kwa sababu inatutaka tujiulize kama mgonjwa ndiye sugu au ni sisi tuliomkatia tamaa mapema.

Utafiti ulionigeuza ni wa John Gunderson na wenzake, uliochapishwa mwaka 2004. Waliwafuatilia watu 161 wenye haiba ya mpakani kwa miaka mitatu ili kuona, kati ya haiba na sonona, ni ipi inayoivuta nyingine. Haiba ilipopata nafuu, mara nyingi sonona nayo ilifuata kupata nafuu. Sonona ilipotangulia kupata nafuu, haiba kwa kawaida haikuifuata. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka lile faili na zile dozi nne. Utaratibu niliofundishwa chuoni, ambao wengi wetu tunaendelea nao, ni kumaliza sonona kwanza na kuyaacha mambo ya haiba yatazamwe baadaye. Nadhani hata vitabu vilitulea hivyo, kwa kuwa mwongozo wa Marekani wa kuainisha magonjwa ya akili, katika toleo la mwaka 1980, uliyaweka matatizo ya haiba katika mhimili wa pili, mbali na sonona, na mihimili hiyo haikuondolewa hadi mwaka 2013. Kilichowekwa pa pili tulikitibu pa pili, na kwa mgonjwa anayekuja mara moja kwa mwezi, ambaye kila akija ana huzuni mpya, hiyo zamu ya pili haifiki kamwe.

Siombi kwamba kila anayelia chumbani mwetu apachikwe tatizo la haiba. Sonona ina uwezo wa kumvika mtu haiba isiyo yake: aliyekuwa mchangamfu hujitenga, aliyejiamini huwa tegemezi, mpole huwa na hasira za ghafla, na sonona ikiondoka mtu wa zamani hurudi. Ndiyo sababu ushahidi wa ndugu, wa rafiki wa shule au wa mwenzi wa miaka mingi una thamani kuliko yale mgonjwa anayojisemea akiwa gizani, na ndiyo sababu mimi huuliza juu ya miaka ile ambayo mwenyewe anasema alikuwa mzima. Huuliza pia kuhusu vipindi vya kuchangamka kupita kiasi pasipo usingizi, kuhusu pombe, na kuhusu kipigo nyumbani, kwa sababu mwanamke anayepigwa kila wiki anaweza kuonekana mwenye mihemko isiyotulia huku kinachohitaji kubadilika kikiwa ni usalama wake. Uainishaji mpya wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika mwaka 2022, umerahisisha mazungumzo haya, maana unauliza kwanza tatizo ni zito kiasi gani, dogo, la kati au kubwa, badala ya kumlazimisha daktari kuchagua jina moja katika orodha ya majina yenye kuumiza.

Pia nimejifunza kuzisikiliza huzuni kwa sikio makini zaidi. Iko huzuni inayokaa juu ya mtu wiki baada ya wiki bila kujali nani amempigia simu: anaamka saa tisa usiku na hawezi kulala tena, chakula hakina ladha, mwendo umekuwa mzito, hata mtoto wake mchanga hamfurahishi. Hiyo ni sonona, na mwenye tatizo la haiba aliye nayo anastahili dawa kwa dozi kamili na kwa muda kamili kama mgonjwa mwingine yeyote. Kumnyima kwa kisingizio kwamba “huyo ndivyo alivyo” ni ukatili. Iko na huzuni nyingine, inayoshuka saa nne asubuhi baada ya neno moja la rafiki na kuinuka jioni baada ya neno jingine, yenye utupu, chuki ya nafsi na hofu ya kuachwa. Hiyo haitii dozi. Mara nyingi mgonjwa mmoja anazo zote mbili, na ukipandisha dawa kwa ajili ya ile ya pili utajikuta unapanda ngazi isiyo na mwisho.

Kuhusu dawa zenyewe, jambo la kwanza ni usalama. Amitriptilini ni rahisi kupatikana, lakini mtu akiizidisha huuvuruga moyo kwa hatari kubwa, na Paul Soloff na wenzake waliripoti mwaka 1986 kwamba baadhi ya wagonjwa wenye haiba ya mpakani walizidi kuwa na vitisho vya kujiua na uhasama walipoitumia. Kwa mtu aliyewahi kujidhuru mimi huchagua fluoksetini au dawa ya jamii yake, humpa kiasi kidogo kwa kila hudhurio hata kama nauli ya kurudi ni mzigo, na humwomba ndugu mmoja anayeaminika aitunze. Dawa za kutuliza kama diazepamu nimeacha kuziandika kwa miezi. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2009 ulisema wazi kwamba dawa zisitumike kutibu haiba ya mpakani yenyewe, na kwamba dawa ya kutuliza wakati wa dharura isizidi wiki moja. Lamotrijini, dawa ya kifafa ambayo kwa muda ilionekana kama tumaini, ilijaribiwa huko huko kwa watu 276 na matokeo yakachapishwa mwaka 2018: baada ya wiki 52 waliopata dawa hawakuwa tofauti na waliopata kidonge kisicho na dawa. Yule binti wakati huo alikuwa anameza aina tatu. Tulizipunguza moja baada ya nyingine, kwa miezi saba, tukabaki na moja.

Basi kinachosaidia ni nini? Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle alichapisha mwaka 1991 jaribio la tiba aliyoibuni kwa ajili ya wanawake waliokuwa wakijidhuru mara kwa mara, na miaka ishirini baadaye, mwaka 2011, alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe, akiwa binti wa miaka 17, alilazwa katika hospitali ya akili huko Hartford, Connecticut, kwa hali kama yao. Kiini cha tiba yake ni kushika mambo mawili kwa wakati mmoja: kumkubali mgonjwa kwamba maumivu yake ni ya kweli na yana sababu, na kumtaka abadilike. Ukimkubali tu, anabaki alipo. Ukimsukuma tu, anasikia aliyoyasikia maisha yake yote, kwamba yeye ni mzigo. Tiba kamili inahitaji kikao cha mtu mmoja mmoja kila wiki, darasa la stadi, msaada wa simu, na mkutano wa watoa huduma wenyewe.

Mimi nina nesi mmoja, afisa ustawi wa jamii mmoja na dakika 20 kwa kila mgonjwa. Ndiyo maana jaribio la Toronto, lililoongozwa na Shelley McMain na kuchapishwa mwaka 2009, lilinipa moyo kuliko yote. Wagonjwa 180 waligawanywa: nusu walipata tiba ya Linehan, nusu walipata uangalizi wa kawaida uliopangwa vizuri, unaotolewa na daktari anayeielewa hali hiyo, na baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu bila tofauti kubwa kati yao. Uangalizi uliopangwa vizuri si kitu kilicho mbali na uwezo wetu. Unataka mtu yuleyule, siku ileile, maelezo ya kweli kuhusu ugonjwa, na macho yaliyoelekezwa kwenye maisha ya mgonjwa nje ya hospitali.

Tulichofanya na yule binti kilikuwa hivi. Tulikubaliana Jumanne moja kila wiki mbili, na nesi yuleyule wa kumpokea. Alinunua daftari la kurasa 96, na kurasa za mwanzo tuliandika pamoja mambo ya kufanya pale hamu ya kujidhuru inapopanda: kuondoka chumbani, kunawa uso kwa maji baridi, kukaa na mama mdogo hata bila kuzungumza, kumpigia nesi kabla ya kufanya jambo lolote, na ikishindikana kuja hospitali usiku huohuo. Kila alipokuja akiwa ameanguka, sikuuliza tena kama dawa inafanya kazi; niliuliza nini kilitokea, tukarudi nyuma saa kwa saa. Mara moja tulikuta mwanzo wake katika ujumbe uliosomwa, wenye alama mbili za buluu, na haukujibiwa. Kati ya alama hizo na wembe kulikuwa na hatua sita, na katika hatua ya tatu, alipojifungia ndani bila kula, aliona mwenyewe kwamba angeweza kugeukia kwingine. Sonona nayo tuliitibu hapohapo kwa kumrudisha kwenye shughuli: cherehani ya marehemu bibi yake ilikuwa inakaa bila kazi, akaanza kwa kushona foronya mbili kwa siku, awe ana hamu au hana.

Hatukwenda kwa mstari ulionyooka. Mwezi wa tano nilichukua likizo bila kumwambia. Alikuja Jumanne yake akamkuta daktari mwingine, mwema na hodari, lakini mgeni, na usiku huo alijikata. Kwa mgonjwa wa kawaida wa sonona likizo ya daktari ni usumbufu mdogo. Kwake ilithibitisha jambo aliloliamini tangu utotoni. Niliporudi nilimwomba radhi bila kujieleza sana, na tangu hapo humtaarifu mwezi mmoja kabla, kwa mdomo na katika daftari lake, nikitaja tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi na jina la atakayekuwapo.

Tatizo lililonichosha zaidi lilitoka upande wetu. Wahudumu waligawanyika. Kuna waliomwona kama mtoto aliyeonewa na kumvunjia utaratibu kwa huruma, na kuna waliosema anadeka, anatafuta macho ya watu, kidonda chenyewe kidogo. Maneno hayo ya pili niliyasikia yakisemwa mbele yake wakati wa kumshona. Kidonda kidogo kinaweza kuwa alama ya hatari kubwa, kwa kuwa watu wenye haiba ya mpakani hufa kwa kujiua kwa kiwango cha juu mno kuliko watu wengine, na aliyedharauliwa leo hatarudi kuonyesha kidonda cha kesho. Hofu ya polisi nayo ipo: Kanuni ya Adhabu hapa kwetu ingali inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, wakati jirani zetu wa Kenya Mahakama Kuu yao ilitamka mwezi Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha katiba. Nimeshuhudia familia ikisema “ameteleza bafuni” huku sote chumbani tukijua hakuteleza.

Nimezungumza sana kuhusu haiba ya mpakani kwa sababu ndiyo inayojaza faili zetu, lakini zipo nyingine zinazokaa kimya. Mwalimu mmoja mstaafu mwenye sonona alishindwa kupona kwa sababu maisha yake yote aliyapima kwa usahihi, na dawa aliikataa kwa kuwa karatasi yake ilitaja madhara 30 ambayo yeye aliyakagua moja moja kila usiku. Kwake ukaribu na upole wa ziada vilikuwa kero. Kilichomsaidia ni jedwali alilolichora mwenyewe, na ruhusa, iliyochukua wiki nyingi kukubalika, ya kufanya jambo moja kwa siku vibaya kidogo. Kuna pia wale wanaowaepuka watu kwa hofu ya kuchekwa, ambao hukosa kliniki kimyakimya nasi tukaandika kwamba hawafuati maelekezo. Hao ndio ninaohofia tunawapoteza wengi.

Kwa familia zinazonisoma, nina jambo la kuwaambia juu ya muda. Katika hospitali ya McLean huko Massachusetts, Mary Zanarini na wenzake waliwafuatilia watu 290 waliowahi kulazwa kwa haiba ya mpakani, na kufikia mwaka wa kumi asilimia 93 walikuwa wamepata angalau miaka miwili mfululizo bila dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa hali hiyo. Waliorudi pia kwenye kazi na mahusiano yaliyotengemaa walikuwa takriban nusu, na hilo nalo lisemwe, kwa sababu kutulia kwa dalili na kuwa na maisha ni mambo mawili. Lakini mimi nilipoanza kazi niliamini kwamba watu hawa hawaponi, na imani hiyo niliibeba hadi chumba cha wagonjwa, na bila shaka waliisoma usoni mwangu.

Binti yetu sasa ana mwaka wa tatu. Dawa ni moja, dozi ni ya kawaida, na makovu mapya hayajaonekana kwa miezi kumi na moja. Bado huwa anaanguka, na akianguka huandika katika daftari, ambalo sasa ni la nne. Wiki iliyopita alimpigia simu nesi kusema kwamba Jumanne hataweza kuja, kwa kuwa ana oda ya sare za shule zinazotakiwa kabla ya Januari, na akauliza kama daktari anaweza kumwona Alhamisi. Nesi alimwambia Alhamisi nimejaa hadi saa nane mchana. Alijibu kwamba saa nane ni sawa.